Sauti Katika Nyumba ya Mbarka

Mwezi wa nane mjini Nabeul, baada ya chakula cha mchana, mtu haendi popote. Maduka hufungwa. Madirisha ya buluu hufungwa. Paka hulala chini ya magari. Tangu saa saba hadi saa kumi, mtaa mzima huwa mweupe na kimya, kama mtaa uliohamwa.

Watoto wa Nabeul huambiwa kwamba saa hizo kuna Bikizee wa Mchana. Hutembea pekupeku juani, wala hana kivuli. Akimkuta mtoto nje, humchukua. Dalenda aliambiwa hivyo na mama yake. Naye alimwambia hivyo binti yake, Sirin. Lakini watoto wengine walikua, wakaacha kuambiwa. Sirin alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na bado aliambiwa kila siku.

Sirin alizaliwa na ulemavu wa akili. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema. Alisoma shule miaka miwili tu. Watoto walimwita punguani na kumvuta nywele, na Dalenda akamtoa. Mume wa Dalenda alikuwa amefariki. Dalenda alikaa nyumbani akidarizi nguo za maharusi, na Sirin alikaa kando yake.

Dalenda alimpenda sana binti yake. Alimchana nywele. Alimfunga vifungo. Alimmenyea yai na kumkatia mkate.

"Acha kisu, mwanangu, utajikata."

"Acha jiko, utaungua."

"Usiguse mlango, mwanangu. Sikia? Usiguse kabisa."

Sirin aliacha. Hakugusa. Alikaa dirishani akitazama mtaa.

Nyumba iliyowaelekea ilikuwa ya mjane mmoja, jina lake Mbarka. Mbarka aliishi na mwanawe, Mukhtar. Mukhtar alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, mwenye mvi masikioni, lakini akili yake ilikuwa kama ya Sirin. Mbarka naye alimchana nywele. Naye alimwambia asiguse mlango.

Mwezi wa sita, Mbarka alikufa usingizini.

Hakuna aliyejua. Siku ya kwanza ilipita, na ya pili. Siku ya tatu mchuuzi wa maziwa alisikia harufu, akaita watu. Walibisha, hakuna aliyejibu. Wakavunja kitasa.

Dalenda alikuwa mmoja wa wanawake walioingia kumwosha maiti. Hakusahau alichokiona. Mbarka alikuwa amefunikwa mablanketi manne, katika joto lile. Kando ya kichwa chake kulikuwa na sahani tatu za chakula kilichooza, na glasi ya maji. Mukhtar alikuwa amekaa sakafuni, midomo imepasuka kwa kiu, akimfukuzia mama yake nzi.

"Sss," aliwaambia. "Mama amelala."

Ufunguo wa mlango ulikuwa umening'inia kwenye msumari, mahali ambapo hata mtoto angeufikia.

Ami yake Mukhtar, Mzee Bashir, alimshika mabega akamtikisa. "Mbona hukufungua mlango? Mbona hukuita watu? Ungefungua, mama yako angepona!"

Mukhtar alimtazama. "Mama amesema nisiguse mlango," alijibu.

Walimzika Mbarka. Mzee Bashir alitengeneza kitasa kile kile, akafunga kwa ufunguo wa akiba, kisha akamchukua Mukhtar kwake, upande wa pili wa soko. Nyumba ikafungwa.

Tangu siku hiyo Dalenda hakulala vizuri. Akifumba macho aliuona ule msumari. Aliwaza: Na mimi je? Nikilala nisiamke? Lakini wazo hilo lilimtisha, kwa hiyo alilifukuza. Akamlinda Sirin zaidi. Akaongeza komeo la pili mlangoni.

Hapo ndipo mambo ya ajabu yalipoanza.

Kwanza ulipotea mkate. Dalenda alinunua mikate mitatu ya tanuri asubuhi. Wakala mmoja na nusu mchana. Alipoamka alasiri, alikuta nusu tu. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu zilipotea na zeituni.

Kisha ikawa komeo. Kabla ya kulala alifunga makomeo yote mawili kwa mkono wake. Akiamka alikuta la juu limefungwa na la chini limefunguliwa.

"Sirin, kuna mtu aliingia humu?"

"Hakuna."

"Nani kafungua komeo?"

Sirin alitazama vidole vyake. 

Majirani nao walinong'ona. Mlango wa nyumba ya Mbarka, kila alasiri, ulikutwa wazi. Ulikuwa wazi kabisa, umesukumwa mpaka ukutani. Mtu mmoja aliufunga Jumatatu. Jumanne ukawa wazi. Aliufunga tena. Jumatano ukawa wazi. Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuugusa. Watu walipita upande wa pili wa njia, wakisoma dua.

"Mbarka hajaondoka," alisema mama mmoja msikitini. "Anatafuta mtu wa kuondoka naye."

Siku moja Dalenda alishindwa kulala mchana. Alijilaza tu gizani, jasho likimtiririka shingoni. Nje palikuwa kimya hata akasikia damu yake ikipiga masikioni. Ndipo akaisikia sauti. Ilitoka ng'ambo ya njia, nzito na ya polepole.

"Mama. Inuka. Mama, inuka sasa."

Dalenda alijifunika shuka mpaka kichwani. Alisikia nyayo sebuleni. Zilikuwa nyepesi, za mtu asiye na viatu. Alisikia komeo likisogea.  Alihesabu pumzi zake tu. Baada ya muda mrefu komeo likasogea tena, nyayo zikarudi, nyumba ikanyamaza.

Alipoinuka alimkuta Sirin amekaa dirishani kama kawaida. Nyayo zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi.

"Sirin! Ulitoka nje?"

"Mukhtar ana njaa," alisema Sirin.

Nywele za Dalenda zilisimama. "Mukhtar yuko kwa ami yake, kule sokoni."

"Yuko pale." Sirin alionyesha nyumba ya Mbarka. "Mama yake amelala. Haamki."

"Toba! Nani kakwambia maneno hayo?"

"Mimi nimeona."

Dalenda alimkumbatia mwanawe. Alijua sasa. Kile kilichokuwa kule kilikuwa kinamwita binti yake. Jioni ile alifukiza ubani vyumba vyote. Alitundika mkia wa samaki mkavu juu ya mlango, uwe kinga. Na kesho yake, kabla ya usingizi wa mchana, alifunga mlango kwa kufuli kubwa, akatia ufunguo kifuani.

Sirin alipoona kufuli alilia. Si kilio cha kudeka. Aliupiga mlango kwa viganja, akaupiga kwa paji la uso. "Ana njaa! Ana njaa!" Na ng'ambo ya njia, katika jua lile jeupe, sauti nyingine ikaanza kulia. Huyu alilia, yule akajibu. Yule alilia, huyu akajibu. Hakuna dirisha hata moja lililofunguliwa mtaani.

Dalenda aliziba masikio. Ndipo mlango ukagongwa kutoka nje.

"Dada Dalenda! Ni mimi, Wasila. Nifungulie."

Wasila alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyehamia kona ya mtaa mwezi uliopita. Alikuwa mwalimu katika kituo cha mafunzo ya kazi kwa vijana wenye ulemavu wa akili. Mara mbili alimwomba Dalenda amlete Sirin kituoni. Mara mbili Dalenda alimwambia, "Asante, mwalimu, mwanangu ni mgonjwa."

Sasa Dalenda alitoa ufunguo kifuani, akafungua kufuli.

"Ingia haraka! Usisimame nje saa hizi!"

"Nimesikia msichana analia. Kuna nini?" Kisha Wasila akageuka, akasikiliza. "Na yule anayelia kule ni nani?"

"Usiulize! Ile ni nyumba ya maiti."

"Maiti halii, dada. Anayelia yu hai."

Walipokuwa wakisema hivyo, Sirin aliwapita. Hakukimbilia nje. Alikwenda jikoni. Alichukua mkate, akaukata kwa kisu, polepole, vidole akivikunja ndani. Alitia zeituni katika kitambaa, akafunga fundo. Alijaza maji chupani, akaikaza. Kisha akaenda mlangoni. Kizingitini alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, kwa maana pikipiki hupita pale kwa kasi. Akavuka.

Dalenda alibaki mdomo wazi. "Kisu," alinong'ona. "Ameshika kisu."

"Twende," alisema Wasila, akamshika mkono.

Mlango wa Mbarka ulikuwa wazi mpaka ukutani. Ndani palikuwa na giza na harufu ya vumbi. Dalenda aliona kitanda. Juu ya kitanda palikuwa na mtu, amefunikwa mablanketi manne, amelala chali.

Dalenda alirudi nyuma. Angekuwa peke yake angekimbia. Wasila alimshikilia, lakini hata mkono wa Wasila ulikuwa wa baridi.

"Sss," ilisema sauti kutoka sakafuni.

Alikuwa Mukhtar. Mukhtar mwenyewe, mzima, amekonda, shati lake limelowa machozi. Shingoni alivaa uzi, na katika uzi palikuwa na ufunguo, ule uliokuwa msumarini. Hakuna aliyefikiria kumnyang'anya. Nani angedhani kwamba angeweza kuutumia?

Sirin alikaa kando yake, akafungua kitambaa. "Kula," alisema. Mukhtar akala.

Wasila alikwenda kitandani. Aliinua blanketi la kwanza, na la pili, na la tatu, na la nne. Chini yake kulikuwa na mito miwili tu, na gauni la Mbarka limekunjuliwa juu yake, mikono imepangwa vizuri ubavuni.

Wasila akachuchumaa mbele ya Mukhtar. "Kaka Mukhtar, mimi ni Wasila. Unafanya nini hapa?"

"Nimefungua mlango," alisema Mukhtar.

"Nimeona. Kwa nini umefungua?"

"Ami alisema ningefungua, mama angepona. Ami akilala mchana, nakuja nafungua kila siku. Nafungua wote, mpaka ukutani. Bado haamki." Alimtazama Wasila kwa hofu. "Labda nafungua vibaya?"

Dalenda aliziba mdomo kwa kiganja. Hofu yake yote ilimtoka, ikaingia huzuni, na huzuni ile ilikuwa nzito kuliko hofu.

Wasila hakumwambia kwamba mama yake amesafiri. Hakumwambia kwamba amelala. Alisema polepole, neno moja moja:

"Mukhtar, mama yako amekufa. Kufa maana yake mwili umeacha kufanya kazi. Hapumui tena. Haoni njaa, haoni joto. Hawezi kuamka."

"Hata nikifungua mlango?"

"Hata ukifungua. Si kosa lako. Ulimtunza. Ulimpa chakula na maji. Lakini alikuwa amekwisha kufa."

Mukhtar alitafuna kwa muda mrefu. Kisha alisimama, akakunja blanketi la kwanza, pembe kwa pembe. Akakunja la pili. Sirin alimsaidia kushika pembe za la tatu.

Walimrudisha kwa ami yake. Mzee Bashir aliposikia habari ile alikaa chini kizingitini, akalia kama mtoto. "Mimi nilisema kwa uchungu tu," alirudia. "Nilisema tu." Ijumaa alimpeleka Mukhtar makaburini. Wakatia maji juu ya kaburi. Tangu hapo hakuna sauti iliyosikika tena katika nyumba ile.

Jioni ile ile ya tukio, Wasila alikunywa chai nyumbani kwa Dalenda. Sirin alikuwa amelala kwa uchovu.

"Nilidhani ni jini," alisema Dalenda. "Kumbe ni mwanangu."

"Mwanao amefanya mambo mangapi leo? Hebu nitajie."

"Amefungua komeo. Siku zote hizo, kumbe ni yeye."

"Na alirudi akalifunga. La chini alilisahau, basi. Enhe?"

"Amekata mkate. Amejaza maji. Amevuka njia." Dalenda aliweka glasi ya chai mezani. "Ametambua kwamba mtu ana njaa."

"Mtaa mzima uliisikia sauti ile, dada. Watu wenye akili zao walisoma dua wakajifunika shuka. Aliyekwenda kutazama ni nani?"

"Mwanangu," alisema Dalenda.

"Nani alimfundisha kukata mkate?" aliuliza Wasila.

"Hakuna. Mimi nilimkataza."

"Basi alijifunza kwa kukutazama, miaka ishirini. Akijifunza hivyo kwa kuibia, je, akifundishwa?"

"Lakini ni mgonjwa, mwalimu."

"Siyo ugonjwa. Mgonjwa hutibiwa akapona. Sirin hana cha kupona. Akili yake hujifunza polepole, basi. Jambo ambalo wewe unalishika mara moja, yeye atalishika mara thelathini. Lakini akilishika, ameshika."

"Na akiungua?"

"Wewe hujawahi kuungua?"

Dalenda alitazama kovu la mafuta kwenye kiganja chake. Kisha akauliza swali alilolifukuza tangu mwezi wa sita. Aliliuliza kwa sauti ya chini sana.

"Mwalimu, nikifa mimi?"

"Ndiyo," alisema Wasila. "Tuanzie hapo. Mbarka alikuwa mama mzuri. Alimfundisha mwanawe kutii tu, na mwanawe akatii. Kama angemfundisha kufungua mlango na kumwita jirani, Mukhtar asingekaa na kiu siku tatu kando ya maiti. Mapenzi si kumfanyia mtu kila kitu, dada. Nawe unalijua hilo, ndiyo maana hulali."

Sirin alianza kwenda kituoni mwezi wa tisa.

Wasila alimfundisha Dalenda pia. "Usimfundishe 'kupika'," alimwambia. "Kupika ni neno kubwa. Ligawe." Walichora picha, wakazibandika ukutani jikoni. Picha ya kwanza: nawa mikono. Ya pili: tia maji sufuriani. Ya tatu: tia yai. Ya nne: washa jiko. Sirin alifuata picha kwa kidole. Kila siku picha zile zile, kwa mpangilio ule ule. Mara nyingine alisahau kuzima jiko. Basi wakachora picha ya kuzima jiko, kubwa kuliko zote, kwa rangi nyekundu.

Kwenye simu walitia picha za watu watatu: mama, Wasila, na wazima moto. "Mama akianguka asipojibu?" aliuliza Wasila.

"Nampigia Wasila."

"Wasila asipopokea?"

"Nafungua mlango. Naita mtaa wote."

"Utaita vipi?"

Sirin akaita. Paka walikimbia hadi kona.

Walimfundisha pia kusema hapana. "Mwili huu ni wa nani?" aliuliza Wasila.

"Wangu."

"Mtu akikuambia twende, nitakupa peremende?"

"Hapana! Namwambia mama."

"Akisema ni siri?"

"Namwambia mama haraka zaidi."

Dalenda alishangaa. Hakuwahi kumwambia binti yake habari hizo. Alidhani kutozijua ndiko kutakakomlinda.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya Dalenda mwenyewe. Ilikuwa kukaa na kutazama. Sirin alifunga vifungo kwa robo saa, akavikosea, akavifungua. Vidole vilimwasha Dalenda. "Kalia mikono yako," alisema Wasila. Dalenda aliikalia kweli, kama mtoto wa shule, na machozi yalimtoka.

Yalikuwako makosa. Mwezi wa kumi na moja Sirin aliungua kidole, malengelenge yakatokea. Dalenda alizima jiko, akabandua picha zote, akasema basi, imetosha. Alimkataza kwenda kituoni siku mbili. Siku ya tatu alimkuta Sirin jikoni, mkono una bendeji, anabandika picha upya. Zilikuwa zimepinda, lakini hakuna iliyokosea nafasi yake.

Baada ya mwaka mpya, Wasila aliuliza, "Sirin, unataka kazi gani?"

"Atadarizi nami," alisema Dalenda. "Hapa hapa nyumbani."

"Nimemwuliza Sirin."

Sirin alifikiri. "Sitaki sindano," alisema. "Inachoma."

Alijaribu kwanza katika nyumba ya kufulia nguo za hoteli. Mashine zilinguruma, naye akajificha chini ya meza akiziba masikio. Wasila hakumlaumu. "Tumejua jambo moja," alisema. "Kelele hapana." Baadaye wakajaribu karakana ya wanawake wanaotengeneza kuskusi, chakula cha punje ndogo za unga wa ngano. Pale palikuwa na utulivu. Wanawake walikaa wakisugua unga na maji kwa viganja, wakichekecha kwa chekeche pana. Sirin alishika chekeche. Alichekecha, akasikiliza mlio ule mlaini, akatabasamu.

"Mwacheni akae," alisema msimamizi, Bi Zohra, kwa huruma. "Nitampa kitu cha kuchezea."

"Samahani, Bi Zohra," alisema Wasila. "Hatutaki cha kuchezea. Mpe kazi ya kweli, na ujira kama wa wenzake. Asipoiweza, tutaondoka."

Bi Zohra alikunja uso. "Mwezi mmoja," alisema.

Wiki mbili Wasila alisimama kando ya Sirin. Wiki ya tatu alisimama mlangoni. Wiki ya nne hakuonekana. Mwanzoni Sirin alichelewa kuliko wote. Lakini punje zake zilikuwa sawa zote, hakuna kubwa wala ndogo, kwa sababu hakuruhusu hata moja ipite. Mwisho wa mwezi Bi Zohra alimpa aproni yenye jina lake.

Dalenda naye alimfuata kwa siri asubuhi kadhaa, akijificha nyuma ya malori. Siku ya nne Sirin alisimama katikati ya njia, akageuka.

"Mama, nimekuona. Nenda nyumbani."

Wanaume wa mkahawani walicheka mpaka wakamwaga kahawa.

Mukhtar pia aliingia kituoni. Siku hizi anamwagilia miche katika bustani ya machungwa. Kila Ijumaa hupitia makaburini peke yake, na hurudi kwa wakati.

Mwezi wa nne, michungwa ilipotoa maua, Dalenda aliugua. Yalikuwa mawe ya nyongo. Daktari wa Tunis alisema lazima apasuliwe, alazwe siku tano.

"Sirin akae kwako," alimwambia Wasila.

"Mwulize mwenyewe."

"Nakaa kwangu," alisema Sirin.

Walipanga pamoja. Wasila angepita kila jioni. Majirani waliambiwa. Picha tano zilibandikwa mlangoni, moja kwa kila siku. Dalenda aliondoka akiwa na hakika kwamba atakufa kwa wasiwasi kabla ya kisu cha daktari.

Hakufa. Siku ya tano aliruhusiwa asubuhi, akateremka Nabeul saa saba mchana. Mtaa ulikuwa mtupu, umejaa harufu ya maua ya machungwa. Alitembea polepole, mkono tumboni. Alifungua mlango wake taratibu, akasimama kizingitini.

Nyumba ilikuwa yake, na haikuwa yake. Kiti chake kilikuwa kimehamishwa karibu na dirisha. Kopo la sukari lilikuwa mahali pa kopo la chumvi. Kikombe kimoja kilikuwa kimeanikwa, kimoja tu. Aproni ilining'inia, safi. Sufuria ilichemka jikoni, na mtu alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyemngoja mtu.

Dalenda hakusogea. Ubaridi ulimpita mgongoni, siku hiyo ya joto. Alijiona kama marehemu aliyeruhusiwa kurudi mara moja kuchungulia. Hivi ndivyo itakavyokuwa, aliwaza. Siku moja sitakuwepo, na nyumba itakuwa hivi hivi. Sufuria itachemka. Mwanangu ataimba.

Alisimama hapo muda mrefu, akitazama. Kwa mara ya kwanza tangu amzae Sirin, wazo la kufa halikumtia hofu.

Kisha jiko likazimwa. Sirin akatokea, kitambaa cha deki mkononi. Alimtazama mama yake toka kichwani mpaka miguuni, na macho yake yakatua sakafuni.

"Karibu, mama," alisema. "Vua viatu. Nimepiga deki."